Ncha ya Kamba

Nilikuwa namshusha mwenzangu wa kupanda majabali kutoka juu, kamba inapita mkononi taratibu, korongo limetulia, yaani kila kitu shwari, mara kiganja changu cha kulia kikagusa kitu kigumu ambacho hakikutakiwa kuwepo pale.

Ilikuwa ncha ya kamba.

Ile ncha iliyochomwa kwa moto ili nyuzi zisifumuke. Ilikuwa imefika kwenye kidole changu cha mwisho, na chini ya hapo hakuna kamba tena, hakuna fundo, ni changarawe na viatu vyangu basi. Na yeye bado ananing'inia, miguu iko kama mita moja na nusu juu ya mawe, amenipa mgongo, anaongea kwa furaha kuhusu kile kishikio cha pale juu.

Nikabana. Mkono wote ukabana mpaka kwenye bega.

"Mbona umesimama?" akauliza bila kugeuka.

"Nasogea tu kaka, hapa pana changarawe, nateleza."

Nikaanza kupanda ule mteremko kuelekea ukutani, hatua moja, nyingine, na kila nikisogea na yeye anashuka kidogo, mpaka soli zake zikagusa jiwe. Akafungua fundo lake, akanigeukia, uso mzima unang'aa, akasema, "Asante mdogo wangu. Leo umenishika vizuri sana."

Hiyo asante ndiyo iliyoninyima usingizi wiki tatu.

## Boliti ya sita

Nirudi nyuma kidogo, manake siku yenyewe ilikuwa nzuri, na uzuri wake ni sehemu ya shida.

Njia yenyewe si ngumu. Kwa gredi za ugumu za Kifaransa ni 5c, kwa za Kimarekani ni 5.9, jabali la chokaa, boliti kumi za chuma zilizokazwa kwenye jiwe ili mpandaji apachike kamba yake, na kule juu pete mbili za chuma za kupitisha kamba ya kushukia. Mita 26. Waliozoea wanaipanda asubuhi kupasha mwili kabla ya kwenda kwenye njia zao za maana. Kwangu ilikuwa kitu kikubwa, nilishaijaribu mara mbili na mara zote mbili niliishia kwenye boliti ya sita, nimekaa kwenye kamba, naomba kushushwa.

Pale kwenye boliti ya sita ukuta unatuna kama tumbo. Maji yaliyopita zamani yamelilamba jiwe mpaka limekuwa laini kama sahani. Mkono wa kushoto una kishikio kama ukingo wa sikio, vidole viwili vinaingia, cha tatu nusu. Mkono wa kulia hauna kitu mpaka uupeleke juu kabisa. Na mguu wa kulia una kidoa kimoja tu cha jiwe, hakizidi ukucha wa dole gumba, ambacho mara mbili zote nilikiona nikakikataa, nikaona kitaniangusha, basi nikavuta kwa mikono peke yake mpaka misuli ya mikono ikavimba na kufa ganzi.

Safari hii nilijilazimisha kusimama kwanza. Nikashusha mkono mmoja nikautikisa, nikautia kwenye mfuko wa chaki ya kukausha jasho, nikabadilisha, nikautikisa ule mwingine. Mguu wa kushoto ulishaanza kutetemeka wenyewe. Kutoka chini nikasikia kaka anasema, si kwa kelele, "Miguu. Anza na miguu."

Nikaweka kidole cha mguu kwenye kile kidoa, nikakisukumia uzito wote, uzito wote kweli, nikangoja kuteleza.

Soli ikashika.

Nikainuka, mkono wa kulia ukafika juu, nikakuta kishikio kikubwa cha kuingia kiganja kizima, ambacho kumbe siku zote kilikuwa hapo kinanisubiri. Nikavuta kamba, nikaibana kwa meno, nikavuta tena, nikaipachika kwenye karabina, ile pete ya chuma yenye geti, ya boliti ya saba. Ule mlio mdogo wa geti la karabina kujifunga, aisee, nilitaka kulia.

Kurt Albert, kule Frankenjura Ujerumani, mwaka 1975 alianza kuchora nukta nyekundu chini ya njia aliyoweza kuipanda yote bila kuvuta chuma wala kukikalia. Mpaka leo wapandaji wanaipa jina hilo hilo la nukta nyekundu, hata pasipo rangi yoyote. Kwa hiyo siku ile nilipata nukta yangu nyekundu, ya kwanza kwenye gredi hiyo, nikapitisha kamba kwenye zile pete mbili nikicheka peke yangu juu ya korongo.

Kaka akanishusha. Alikuwa amesimama karibu kabisa na ukuta, chini ya boliti ya kwanza, kama anavyosimama siku zote. Nikatua, tukakumbatiana, akanipigapiga mgongoni mpaka helmeti ikanifunika macho.

Hakuna kati yetu aliyeangalia kamba iliyobaki chini.

Ilibaki kama mita moja. Hili nimekuja kulijua baadaye.

## Alama nyeusi

Ikawa zamu yake. Akavuta kamba ikaanguka, akajifunga ncha ile ile niliyoitumia mimi. Nikakagua fundo lake la umbo la namba nane, yeye akakagua kifaa changu cha breki, kile kinachobana kamba kiunoni kwangu, karabina imefungwa, mikanda imekazwa. Yote tuliyofundishwa tuliyafanya, ya upande mmoja wa kamba. Upande wa pili ulikuwa umelala kwenye changarawe, hakuna aliyeutazama.

Mimi sikusimama pale aliposimama yeye. Jua lilikuwa limeshafika ukutani, na kivuli cha ukuta wa pili kilikuwa kimebaki chini, kwenye njia ya maji iliyokauka. Nikarudi nyuma hatua chache, nikashuka mteremko kidogo, nikawa kivulini, namwona vizuri kuanzia kisigino mpaka helmeti. Nikajiona mjanja.

Hatua chache zile zilikula kama mita tatu za kamba.

Na hapa ndipo roho inaniuma, kwa sababu siwezi kusema sikuwaza kabisa. Niliwaza. Kamba yetu ni ya mita 60 na katikati ina alama nyeusi, kila anayeshika kamba anajua, alama ikipita kwenye kifaa chako kabla mwenzako hajafika juu, ujue kamba iliyobaki haitamfikisha chini. Kwa hiyo niliitazama alama. Kaka alipofika kwenye pete, alama ilikuwa bado haijanifikia, ilikuwa kama urefu wa mkono mbele yangu, nikasema moyoni, basi, nusu bado ninayo, tuko salama. Nikamshusha kwa amani kabisa.

Nilikuwa na amani, ndivyo ilivyokuwa. Kama ningekuwa na wasiwasi nadhani ningegeuka kutazama rundo la kamba miguuni.

Kifaa changu ni cha aina ile inayojibana chenyewe, uzito ukikivuta ghafla kinang'ata kamba. Nilishaanza kukitegemea kama mtu wa tatu kwenye timu. Lakini kinachong'atwa ni kamba, na kamba ikiisha, ncha inapita kwenye kifaa cha gharama yoyote, inapanda mpaka kwenye pete za juu, na aliyekuwa ananing'inia anaanguka. Fundo moja tu mwishoni lingegota kwenye kifaa na kusimama hapo. Fundo ambalo halichukui hata nusu dakika.

Mara nyingi nafanya hesabu hii usiku: mita moja na nusu tu, si parefu. Halafu naona lile jiwe lililokuwa chini yake, lenye ukingo, na yeye ameegemea nyuma kama mtu aliyekaa kwenye kiti, mgongo na kichwa vinatangulia.

## Wiki tatu

Wiki ya kwanza nilikuwa na sababu nyingi, na zote nzuri. Kamba ni yake siyo yangu. Yeye ndiye mzoefu, miaka mingi kunizidi. Hakuna aliyeumia. Nilishtuka kwa wakati, nikabana, nikafikiri haraka, nikasogea, kwa hiyo ukiangalia vizuri nilimwokoa. Hii ya mwisho niliirudia mpaka karibu niiamini.

Wiki ya pili nikaanza kusoma. Nilikuwa natafuta watu waliokosea kama mimi, nadhani nilitaka kampani.

Nikakutana tena na habari ya Lynn Hill, ambayo nilishaisikia zamani ikapita kama hadithi ya mtu mwingine. Mwaka 1989, Buoux, Ufaransa, yuko kwenye kilele cha uwezo wake, mmoja wa wapandaji bora duniani, anapanda njia rahisi ya kupasha mwili. Alipitisha kamba kwenye mkanda wake wa kiunoni, kisha kitu kikamkatiza, hakumalizia fundo. Akapanda mpaka juu vizuri kabisa. Alipoegemea kamba ashushwe, kamba ikachomoka, akaanguka zaidi ya mita 20, matawi ya mti yakampunguzia kishindo. Akaishi. Mwaka 1993 akawa mtu wa kwanza kuipanda The Nose, njia maarufu kwenye ukuta mkubwa wa El Capitan kule Marekani, kwa mikono na miguu yake tu, kamba ikiwa ya kumlinda.

Brad Gobright hakuishi. Novemba 2019, El Potrero Chico, Meksiko, korongo la chokaa pia, alikuwa na miaka 31, alishaweka rekodi ya kasi kwenye hiyo hiyo The Nose, alishapanda kuta kubwa bila kamba kabisa. Siku ile alikuwa anashuka na mwenzake, wote wawili kwa pamoja kwenye kamba moja, kila mtu upande wake. Kamba haikuwa imegawanywa sawa, na ncha hazikuwa na mafundo. Upande wake ukaisha.

Nilisoma habari hiyo usiku nikaweka simu chini.

Hakuna kati yao aliyepatikana na jambo lile akiwa anahangaika na sehemu ngumu. Kazi ngumu ilikuwa imekwisha, imebaki kushuka. Na mimi siku ile nilikuwa macho sana kaka alipokuwa boliti ya sita, nilikuwa nahesabu pumzi zake, nimekunja magoti, niko tayari kwa lolote. Alipofika juu nikalegea. Mwili mzima ulilegea, nakumbuka hata shingo nilivyoinyoosha.

Lakini kusoma hakukunisaidia kama nilivyotegemea. Kwa sababu ukiniuliza ni kipi hasa kilichokuwa kinanikaba, haikuwa ncha ya kamba. Ilikuwa ile sentensi ya changarawe. Ilitoka haraka mno. Mtu uhai wake uko kwenye kiganja changu, ananiuliza swali la kweli, mimi namjibu uongo na sauti haitetemeki hata kidogo.

Na yeye akanishukuru.

## Jumamosi

Nisingemwambia, nasema ukweli wangu. Nilishaanza kuzoea. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kuna maradhi unaweza kuyaficha hata mwaka kama hayana homa.

Wiki ya tatu akanipigia kunialika. Anaongea haraka kama kawaida yake, Jumamosi anaenda kule kule korongoni, anampeleka mtu mgeni, hajawahi kushika kamba nje ya ukumbi wa mazoezi ya kupanda, watapanda ile ile 5c yetu maana ni rafiki kwa mtu mgeni, je nitakuja?

Kamba ile ile. Ukuta ule ule. Na chini anasimama mtu ambaye atasimama popote penye kivuli.

"Kaka, subiri," nikamwambia. "Kuna kitu sikukwambia."

Nikamwambia yote. Sikuipamba. Nilianza na ncha, nikaenda kwenye kivuli, nikarudi kwenye alama nyeusi, nikamaliza na changarawe. Hakunikatiza hata mara moja, na yeye ni mtu wa kukatiza. Nilipomaliza kukawa kimya mpaka nikatazama simu kama imekatika.

"Ile kamba niliikata," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri.

Kumbe alishaikata mara mbili. Ncha moja ilikuwa imechakaa, ganda la nje limechanika ukaanza kuonekana moyo mweupe wa ndani, akakata mita mbili. Miezi ikapita, upande ule ule ukapata jeraha lingine kwenye jiwe kali, akakata mita nne. Alifanya sahihi, kamba iliyochanika hukatwa. Akachoma ncha, akaikunja, akaitia kwenye begi, na hakumwambia mtu kwa sababu peke yake alikuwa anajua na ilimtosha. Halafu na yeye akasahau.

Kwa hiyo ile alama nyeusi haikuwa katikati tena. Upande wa mpandaji mita 30, upande wangu 24. Niliitazama alama, nikaiamini, na ilikuwa inanidanganya kwa mita 6.

Nitakuwa mkweli, kwa sekunde kadhaa nilihisi nafuu. Kumbe siyo mimi peke yangu. Nafuu yenyewe haikukaa, kwa sababu aliongeza jambo lingine, kwa sauti ya chini ambayo sijaizoea kwake.

"Kamba tumekosea wote. Lakini mdogo wangu, ulinidanganya nikiwa bado naning'inia."

Sikuwa na la kujibu. Mpaka leo naliandika hili sina la kujibu. Nikasema nisamehe kaka, akasema nimekusamehe, na najua amesamehe, si mtu wa kuweka kinyongo. Ila kusamehewa na kuaminiwa ni vyumba viwili tofauti, na mlango wa katikati anaushika yeye.

Akaniuliza, "Niambie tu, kama ningegeuka nikaiona ile ncha, ungesema nini?"

Nimelifikiria sana swali hili. Nadhani ningesema ukweli, kwa sababu ingebidi. Na ndiyo maana halinipi raha.

## Pima thelathini

Safari ya Jumamosi akaiahirisha. Badala yake tukakaa sakafuni na kamba kati yetu, tukaipima. Alipima kwa mikono, pima moja moja, kamba imenyooshwa kifuani kuanzia vidole vya mkono huu mpaka vya mkono ule, mimi nahesabu. Pima yake ni mita 1.8, tulishaihakikisha kwa futi ya chuma kabla ya kuanza. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa ganda lote kwa wakati mmoja, kutafuta mahali palipolainika au kuvimba.

Thelathini kamili. Mita 54.

Alifika kwenye ile alama nyeusi akaishika, akaitazama muda. Alama yenyewe imefifia, haifiki hata upana wa kiganja. Akasema wiki ijayo ataikata kamba na upande wa pili mita 6, alama irudi kuwa ya kweli, hata kama tutabaki na mita 48 na kwa njia ile ya mita 26 haitatutosha tena. Nikamwambia ni kamba nzuri, mita 6 nzima nzima hazina kosa. Akasema alama ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na alama. Hakuwa ananisema mimi, nina hakika hakuwa ananisema mimi, lakini nilinyamaza muda mrefu.

Kwa ile njia yetu ikabidi tutafute kamba nyingine. Tulirudi korongoni mwezi uliofuata, na kamba mpya ya mita 70, bado ina harufu ya dukani, inateleza mkononi. Kabla ya viatu, kabla ya chaki, nikatafuta ncha yake nikafunga fundo, nikaacha mkia mrefu wa kutosha, nikalikaza kwa kulivuta na mguu. Nikaifunga na kwenye begi la kamba, ikatulia. Yeye alikuwa pembeni anajifunga fundo lake la nane, hakusema kitu, lakini alikuwa anatazama.

Nikasimama karibu na ukuta. Jua lilikuwa juu ya shingo yangu moja kwa moja, kile kivuli kiko pale chini nakiona.

Akaja, akatazama kifaa changu, mimi nikatazama fundo lake, karabina, mikanda. Akaweka mikono kwenye vishikio vya kwanza, mguu mmoja uko tayari juu ya jiwe, halafu akasimama hivyo hivyo bila kugeuka.

"Fundo la mwisho?"

"Lipo."

"Limekazwa?"

Nikainama nikaligusa tena kwa mkono wangu kabla ya kumjibu.